Vitanda vya Fundi Kipimo

"Nyie wote mliokaa hapa, kuanzia bibi harusi mpaka anayeosha sahani kule nyuma, mtake msitake, mtakuja kulala kwenye mbao zangu. Na kazi yangu mnaijua. Toka nianze ufundi, hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika."

Hayo aliyasema fundi Kipimo harusini, mbele ya ukumbi mzima, amekishika kipaza sauti kwa mikono miwili kama anakamua nguo. Mshereheshaji alikuwa amemwomba atoe neno la majirani. Wenzake walitoa sufuria, walitoa mablanketi, mmoja alitoa ahadi ya mbuzi ambaye mpaka leo hajafika. Fundi majeneza akatoa neno hilo.

Na watu walicheka. Hili lisemwe wazi, maana baadaye kila mtu alikana. Walicheka mpaka wakapiga meza, kwa sababu miaka ile kifo kilikuwa kimehamia mtaani kama mpangaji asiyejua kuaga, na mtu asipocheka angefanya nini? Aliyecheka kuwazidi wote alikuwa bibi harusi mwenyewe. Aliinua shela usoni akasema, "Mimi basi niweke wa mwisho, fundi." Kipimo akamjibu asiwe na wasiwasi, nafasi yake ipo.

Jina alilopewa na wazazi wake lilishapotea siku nyingi. Kipimo ni jina la kazi. Mafundi wengine walitembea na futi mfukoni, yeye alitembea na macho. Alimtazama mtu mara moja, utosini mpaka kisiginoni, na mkono ukaanza kukata. Wafiwa walifika karakanani wamechanganyikiwa, hawajui marehemu wao alikuwa na urefu gani, wanampima hewani kwa viganja: hivi, au labda hivi. Kipimo aliwatuliza kwamba anamfahamu, si yule aliyekuwa akinunua mkate asubuhi pale kona? Basi. Jioni jeneza liko tayari na limemkaa mwenyewe kama suti ya kushonesha. Hakuacha hata inchi moja ya ziada. Kwanza mbao ni ghali. Pili, na hili ndilo alilojivunia, maiti ikipata nafasi inagonga pembeni wakati wa kubebwa, na ile sauti ya ko, ko, ko, wafiwa hawaisahau mpaka na wao waingie.

Karakana yake ilikuwa kwenye kona ya barabara ya hospitali, hatua chache kutoka lango la nyuma, lile ambalo wagonjwa hawalitumii. Alikuwa na vijana wawili wa kazi, redio iliyoimba kutwa, na birika lililokuwa halipoi. Vumbi la mbao lilijaa mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa biashara, tusidanganyane.

Kisha dawa zikaja.

Hazikuja kwa kishindo. Zilikuja kwa foleni ya kliniki, kwenye vichupa vyenye mifuniko migumu. Watu waliokuwa wamebaki mifupa na kikohozi wakaanza kujaza nguo. Mwuza mkaa mmoja, ambaye Kipimo alishamtengea mbao zake pembeni kwa heshima, alionekana asubuhi moja anabeba gunia zima mgongoni huku anapiga mluzi. Mbao zilimngoja pale pembeni mpaka zikapinda. Kijana wa kwanza akaacha kazi, akaenda kupaua nyumba. Wa pili akanunua pikipiki. Redio ikafa, na hii haikutengenezewa jeneza, iliwekwa tu juu ya kabati na kufunikwa na vumbi.

Na hapa ndipo penye kichekesho ambacho Kipimo hakuwahi kumsimulia mtu: hizo dawa yeye mwenyewe alikuwa anazimeza. Mkewe alitangulia kabla hazijafika. Jeneza la mkewe ndilo peke yake alilolipima kwa futi, kwa kuwa siku hiyo macho yaligoma. Hawakujaliwa mtoto. Baada ya hapo alipimwa na yeye, akapewa vidonge, akavificha ndani ya kopo la misumari ya inchi mbili. Kila asubuhi saa mbili alilifungua lile kopo, akameza kitu kilichokuwa kinamweka hai yeye na kuiua karakana yake, akashushia na chai.

Bibi harusi wa siku ile hakuwekwa wa mwisho. Dawa zilikuwa zimeshafika wakati huo, aibu ndiyo ilikuwa haijaondoka. Mumewe alijificha nyumbani mpaka akaisha. Yeye alifika kliniki amebebwa, akiwa na binti mdogo na mtoto mwingine wa mgongoni. Kipimo alilitengeneza jeneza lake kwa kumbukumbu ya ukumbini, alivyosimama na shela. Siku ya maziko mama wa marehemu alimtazama juu ya ule mfuniko. Afadhali angemtukana.

Tangu siku hiyo Kipimo hakualikwa tena harusini. Wala ubatizo, wala sherehe ya mtoto kufaulu mtihani. Mtaani walimsalimia vizuri, huku wanajisogeza. Mwenye duka alimwekea chenji juu ya meza, hakumpa mkononi. Kwa kinyozi, kiti cha jirani yake kilibaki kitupu hata foleni ikifika mlangoni. Wala haikuwa habari ya virusi. Virusi walishavizoea, nusu ya mtaa ilikuwa na kadi ya kliniki. Waliogopa macho yake. Watoto ndio waliokuwa wakweli kuliko wote: akitokea tu mwisho wa uchochoro, mmoja alipiga kelele, "Kipimo huyo, chuchumaa!" na wote wakachuchumaa chini kama kuku waliomwona mwewe, wasijulikane urefu, mpaka apite. Alipita upesi, anaangalia viatu vyake.

Usiku alilala karakanani, kwenye godoro lililotandikwa juu ya mifuniko miwili iliyoharibika kwenye randa. Kitanda alichokuwa akilala na mkewe alikipasua mwaka ule wa mbao kuadimika, akamtengenezea mteja ambaye hakuweza kungoja. Hakukumbuka kujitengenezea kingine. Kitanda ni kitu cha kuonyesha watu, na yeye hakuwa na wa kumwonyesha.

Basi siku moja akaingia dada wa mradi.

Alikuwa msichana mwenye mkoba mzito na viatu vilivyolika upande mmoja kwa kutembea nyumba hadi nyumba. Mradi wake ulihudumia familia ambazo UKIMWI ulipita ukazipunguza: watoto waliobaki na bibi zao, bibi waliobaki na watoto wa watoto. Ulinunua sare za shule, uliwaunganisha walezi kwenye kikundi cha kufuga kuku, uligawa unga wa uji. Sasa ulitaka vitanda, maana watoto walikuwa wanalala sakafuni, na ulitaka fundi wa kuvitengeneza huku anafundisha vijana wa familia hizo hizo. Kijana akimaliza mafunzo anapewa vifaa vyake, aende akajitegemee. Maseremala wa maana wote walikuwa na sofa za wakubwa. Akabaki mmoja.

Dada alisimama nje muda, akasoma kibao: MAJENEZA AINA ZOTE, BEI MAELEWANO. Akaingia, akauliza kwa adabu kama mzee anajua na vitanda.

"Tofauti yake ni mfuniko tu," Kipimo akamjibu.

Alikusudia kumtoa hofu. Dada akaangua kicheko, akaziba mdomo, akaomba radhi. Asijue kwamba kicheko hicho kilikuwa kimemaliza mazungumzo. Kipimo angekubali kutengeneza hata meli.

Wakampeleka kwenye semina, wakamjengea uwezo siku mbili mfululizo mpaka akasinzia nao mkononi. Alichokiokota pale ni sharti moja: mwanafunzi wa mwisho akiondoka kabla ya kumaliza, mradi unahamisha vitanda na vifaa kwa fundi wa ng'ambo ya mji. Alirudi nyumbani akaliwaza sharti hilo kuliko pesa. Pesa alishaishi bila hizo. Kukaa na watu ndiko alikokuwa amekusahau kulivyo.

Walikuja wanne. Siku ya kwanza wakakaa kwenye benchi refu kunywa chai, mmoja akachungulia chini yake, akaona benchi lina mishikio ya shaba pande zote mbili. Wiki haikuisha. Wa kwanza alisema mama yake ameota ndoto mbaya, wa pili akasema vumbi linampigisha chafya, wa tatu hakujisumbua hata kutunga uongo. Akabaki msichana mmoja wa miaka kumi na saba, nywele fupi, penseli sikioni, ulimi kama patasi iliyonolewa leo.

Kipimo alimtambua alipokanyaga kizingiti. Sura ilikuwa ya mama yake, imeondolewa shela. Na macho, kwa mazoea yao mabaya, yakafanya kazi kabla hajayazuia: futi tano, inchi mbili.

"Umeshanipima?" binti akauliza.

"Hapana."

"Bibi kasema ukinipima nirudi nyumbani."

"Sijakupima, mwanangu. Shika huo msumeno."

Ndivyo walivyoanza, na uongo katikati yao kama meza.

Alimfundisha kusoma ubao kabla ya kuukata, kupiga randa kufuata nyuzi zake, kunusa gundi ikiwa imeanza kuungua. Binti alikuwa mwepesi wa mkono na mzito wa kusifu. Akikosea aliulaumu msumari. Asubuhi ya tatu au ya nne, saa mbili kamili, simu ya Kipimo ikalia kengele mfukoni, na simu ya binti ikalia kwenye mkoba wake, kwa wakati mmoja, kama zimeagizana. Wakajifanya viziwi wote wawili. Zikalia. Mwishowe binti akauliza ya fundi inalia nini. Kipimo akasema inamkumbusha kufungua duka. Binti akatazama duka, lililofunguliwa tangu alfajiri, akasema basi na yake inamkumbusha hilo hilo. Akatoa kichupa chake, akameza mbele yake bila kugeuka, akamsogezea kikombe cha maji. Kipimo akafungua kopo la misumari. Binti akachungulia ndani, akamwonya siku moja atakosea, ameze msumari na kugongelea kidonge ukutani.

Kuanzia hapo saa mbili ikawa saa ya watu wawili. Kipimo alianza kununua mikate miwili. Alifagia maranda usiku ili binti akute sakafu safi, halafu asubuhi akajifanya imejifagia. Redio ilishushwa kabatini, ikapelekwa kwa fundi, ikarudi inakoroma lakini inaimba. Kulikuwa na mtu wa kumwambia "Umeamkaje, fundi," na kulikuwa na jibu la kutoa. Binti akichelewa hata kidogo, Kipimo alitoka barabarani kuangalia hali ya hewa, na hali ya hewa siku zote ilikuwa upande anakotokea binti.

Vitanda vilikuwa vya nyumba kumi na mbili. Kipimo alipita nyumba hizo jioni kuwatazama watoto, wakachuchumaa kama kawaida yao, lakini mtoto hachuchumai milele. Wakiinuka kukimbia alishawapata. Hakuandika popote. Kesho yake alimwambia binti kata hapa, kata pale, na binti akakata alipoambiwa. Aliwahi kuuliza kwa nini kila kitanda kina urefu wake. Kipimo akamjibu kwa fahari kwamba kazi ya kufanana ni ya kiwandani, yeye kila mteja anamfanyia kilichomkaa. Na kweli vilikaa. Siku ya kugawa, kila mtoto alipolala, utosi uligusa mbao ya kichwani na nyayo ziligusa mbao ya miguuni, hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole. Dada wa mradi alipiga picha. Kipimo alirudi karakanani peke yake, akanywa chai kwa raha kubwa.

Watoto wale sasa walikuwa wanakula uji, wanameza dawa zao, wanalala mahali pakavu. Wakafanya wanachofanya watoto wakipewa hivyo vitu vitatu. Muhula wa shule haujaisha, magoti yakaanza kukunjika. Halafu shingo. Mdogo wake binti, yule mtoto wa mgongoni wa zamani, alilala na nyayo juu ya mbao ya miguuni kama mtu aliyeegesha miguu dirishani.

Mlezi mmoja akamwambia mwenzake. Mwenzake akapima cha kwake kwa kamba, akakuta kitanda ni sawasawa na mtoto alivyokuwa siku kililetwa, hakuna kasoro wala ziada. Mlezi wa tatu ndiye aliyesema lile neno ambalo wote walikuwa wanalizunguka: ni nani anayempima mtu hivyo? Usiku ule kitanda kimoja kilitolewa nje, kikanyeshewa. Kesho yake vikawa vinne. Watoto walirudi sakafuni.

Dada wa mradi alifika karakanani viatu vina tope, uso umemkauka. Alieleza yote kwa sauti ndogo, kwamba walezi wanasema fundi amewatengenezea watoto wao vitu vya kuzikia akaviondoa mifuniko, na wakubwa wake wamesema kazi ihamishiwe ng'ambo. Hajamaliza, bibi wa binti akaingia, bakora mbele yeye nyuma, akasimama mlangoni kama amekataza hewa isipite.

"Mjukuu wangu, chukua mkoba wako tuondoke."

Binti hakuchukua. Alikuwa ameshika randa.

"Uliwapima wale watoto," bibi akamwambia Kipimo.

"Niliwapima, mama."

"Mtu mwenye akili anamnunulia mtoto kiatu anaacha nafasi ya kidole. Wewe fundi mzima, inchi moja tu ilikushinda?"

Kipimo alitazama mikono yake. Jambo lenyewe ndiyo kwanza alikuwa analiona, limesimama mbele yake mchana kweupe, wakati alikuwa ameishi nalo.

"Wateja wangu walikuwa hawakui, mama," akasema. "Sikukumbuka kwamba hawa wanakua."

Redio ilikuwa inakoroma. Dada wa mradi aliinama akafuta tope kwenye kiatu kilekile mara mbili. Binti akaweka randa chini.

"Na mimi ulinipima?"

"Siku ya kwanza. Futi tano, inchi mbili. Nilikudanganya."

Binti akaenda kwenye mwimo wa mlango, akampita bibi yake, akaonyesha kwa kidole mstari wa penseli uliokuwa pale, na mwingine juu yake, na mwingine. Alikuwa akijipima mwenyewe tangu aje, kila akisubiri gundi ikauke. Kipimo alidhani ni alama za mbao.

"Tano na nne," akasema. "Macho yako yamepitwa na wakati, fundi. Ulitakiwa kuniuliza."

Bibi akaiangalia ile mistari. Akaangalia mjukuu wake, juu mpaka chini, kama na yeye ndiyo kwanza anampima. Halafu akatoa hukumu yake. Vitanda vitarekebishwa, lakini havitarudishwa majumbani kimyakimya kwa mkokoteni jioni. Kipimo avirudishe yeye mwenyewe, mchana, watu wakiona, na kila kitanda akilalie kwanza. Kama ni cha walio hai, kimbebe aliye hai. Akikataa, binti anaondoka leo.

Dada wa mradi akasema ataenda kuwaomba wakubwa wake wangoje. Aliwaomba, wakangoja, lakini mbao za pili hawakutoa.

Mbao zilikuwepo. Mbele ya karakana kulikuwa na majeneza matatu ya maonyesho, ya mbao ngumu nyekundu, ambayo kwa miaka mingi hayakumpata mtu. Kipimo aliyashusha usiku na kuanza kuyafungua, msumari mmoja mmoja. Binti alipofika asubuhi akakuta ukuta mtupu na rundo la mbao sakafuni. Alielewa. Kipimo akamwambia kwamba akiropoka kwa bibi yake, wote wawili wamekwisha. Binti akapitisha kidole juu ya ubao uliong'arishwa.

"Basi tupige randa mara mbili," akasema, na wakapiga.

Waling'oa mbao za miguuni kitanda kwa kitanda, wakaunga mbavu, wakaongeza chaga za kulalia. Safari hii kila kitanda kilipata futi nzima ya ziada. Mkono wa Kipimo uliuma kuacha nafasi kubwa vile. Kila akifika kwenye alama alisita, binti akamwambia endelea, akaendelea.

Siku ya kurudisha, uwanja wa bibi ulijaa. Kitanda kiliwekwa katikati, juani. Kipimo akavua viatu, soksi moja ina tundu, akalala chali. Pamoja na futi nzima ya ziada kilikuwa kitanda cha mtoto bado, miguu ikatoka nje mpaka karibu na magoti. Hakujua mikono aiweke wapi. Akaikunja kifuani, kwa mazoea ya kazi, umati ukaguta, akaitoa haraka akaificha chini ya kisogo kama mtu aliyelala ufukweni. Na hapo ndipo kicheko kilipotoka. Kilianza kwa mdogo wake binti, kikapita kwa walezi, kikafika mpaka barabarani. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mteja ana malalamiko. Kipimo akajibu kutoka pale pale kitandani kwamba ndiyo, miguu inapata baridi.

Akalala hivyo uwanja hadi uwanja, nyumba kumi na mbili. Watoto hawakuchuchumaa. Wale waliosahau walikumbushwa na wenzao kwamba huyu sasa hivi amelala, hawezi kuona kitu. Ilipofika jioni kila familia iliingiza kitanda chake ndani, ikafunga mlango, na Kipimo akarudi karakanani na mkokoteni mtupu uliokuwa unalia gurudumu. Hakuna aliyemwambia karibu chakula. Walikuwa wamecheka naye, na hilo lilikuwa jingi, usiku mmoja haungetosha kulizoea. Akatandika godoro juu ya mifuniko yake.

Binti alimaliza mafunzo. Alipewa sanduku lake: msumeno, randa, patasi, nyundo, futi mpya kabisa ya njano. Akakodi kibanda upande wa sokoni, ambako watu wanapita wakiwa na nia ya kununua. Hakumdanganya Kipimo kwamba atakuja kila siku. Alikuja Jumapili mbili, kisha kazi zikamjaa. Mradi nao ulifika mwisho wake kama miradi inavyofika, dada wa viatu vilivyolika akahamishiwa mji mwingine, akamwachia Kipimo kalenda. Oda za vitanda zikapungua. Majeneza yaliendelea kuagizwa, machache, ya wazee waliokwisha kuishi wakatosheka.

Mikate miwili ilichukua muda kurudi kuwa mmoja. Ule wa pili ulikauka, akauvunjia kuku wa jirani. Saa mbili asubuhi simu ililia yenyewe, haina mwenzake. Kipimo aliiacha ilie kidogo kabla ya kufungua kopo, akitazama mwimo wa mlango, mistari ya penseli iliyopanda mpaka ikakoma. Mtaani watoto walikuwa wamekua, hawachuchumai tena. Walimpita tu, kama wanavyompita mtu yeyote.

Siku moja alifunga karakana mchana, akavaa shati safi, akaenda upande wa sokoni. Kibanda cha binti kilikuwa na kibao kipya na wasichana wawili wanapiga msasa. Mwenyewe alikuwa ameinama juu ya mbao, penseli sikioni. Aliinuka, akamwamkia, akampa kigoda, Kipimo hakukaa.

"Nimekuja kuagiza kitanda," Kipimo akasema.

"Cha nani, fundi?"

"Cha mtu mmoja. Hana kitanda."

Binti hakuuliza la pili. Futi ya njano ilikuwa inaning'inia kiunoni mwake, hakuigusa. Alimtazama tu, utosini mpaka kisiginoni, mara moja. Kipimo akahisi magoti yake yanataka kuchuchumaa. Akayazuia, akasimama wima kadiri mgongo ulivyokubali.

"Tano na saba," binti akasema. "Nitakuwekea sita na nusu."

Kipimo akamwambia anapoteza mbao, mtu wa umri wake haongezeki, kama kuna kinachotokea basi anapungua. Binti akamjibu kwamba hiyo ni nafasi ya kujigeuza, na kama anataka cha kumbana, aende kwa yule mzee wa barabara ya hospitali. Wale wasichana wawili wakaacha msasa wacheke. Kipimo alikohoa. Kisha akauliza bei, akiongeza taratibu kwamba yeye si mtu wa mbali, ni mtu aliyemfundisha mtu kazi.

Binti akachomoa penseli sikioni, akaangalia zile mbao, akapiga hesabu zake, akamtajia bei.

Kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita na nusu, mbao ngumu, bila godoro, ni shilingi elfu tisini.